Saa Aliyoivua Mume Wangu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliendesha jua bila kulitia ufunguo, akaufuatanisha usiku na mchana wala kimoja hakikumtangulia mwenziwe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanauona mwandiko wangu mwenyewe, na kwa mume aliyenijaalia, ambaye leo yuko mbele ya haki. Wajukuu zangu wameniomba niwaeleze habari za saa za babu yao. Wao wanazijua saa tu. Mimi namjua mwenyewe, kwa hivyo nitaeleza kama nilivyoona.

Niliolewa Msambweni mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kwetu ni Kibuyuni, karibu na Shimoni, na baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo huko. Nilihitimu Qur'ani kwake, kisha nikasoma vitabu vya mwanzo vya fiqhi pamoja na kaka zangu, wao mbele na mimi nyuma ya pazia. Mume wangu alikuwa mnunuzi wa mbata. Alizunguka mashamba ya minazi kutoka Gazi mpaka njia ya Lunga Lunga akinunua nazi zilizokaushwa, akazipakia kwenye lori mpaka Likoni, zikavushwa Mombasa. Hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa kanzu mbili za kazi na moja ya Ijumaa. Sigara havuti, tambuu hali, na barazani hakai akapitiliza. Kitu kimoja tu cha dunia kilikuwa kikimvuta, nacho ni saa ya mkono.

Nilizijua saa hizo katika fungate. Alileta bweta la mninga lililotandikwa mahameli nyekundu ndani, akaliweka kitandani mbele yangu. Mimi bi harusi, moyo wangu ukaniambia hizi ni bangili. Alipofunua nikaona saa zimelala safu, kila moja na mkanda wake umekunjwa chini yake.

"Hawa ndio wake wenzio," akasema. "Wamekutangulia, lakini hawana maneno."

"Na zamu yangu lini?" nikamwuliza.

Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, kwa kuwa nimedai haki ya kitabuni, kwa mzaha kwanza, halafu kwa mazoea, na mwisho watu wote wakaniita hivyo.

Zile saa nilizipenda, sitaficha. Kulikuwa na moja ya chuma cheupe kisichoshika kutu, nzito, ya Uswisi, ambayo aliivaa kazini kwa sababu mafuta ya mbata huula mkanda wa ngozi, nayo ilikuwa na mkanda wa chuma. Kulikuwa na moja ya uso mweusi, yenye nambari zinazowaka gizani, aliyoipata kwa askari aliyerudi vitani Burma. Hiyo aliivaa anaposafiri alfajiri. Kulikuwa na moja ya mraba, nyembamba, ya heshima, ambayo aliitoa kwa ajili ya kwenda kuhani msiba tu, maana alisema uso wake hauchekicheki. Na nyingine mbili tatu za namna mbalimbali. Zote alizivaa mkono wa kulia. Kifundo cha kutilia ufunguo kilimchoma mkono kila alipoinua ratili ya mizani, pakafanya sugu, lakini alisema kizuri huanza kuliani na hakutaka kuhama.

Ijumaa asubuhi, baada ya kuoga na kabla ya kuvaa, aliketi mkekani akazitia ufunguo zote. Hakufanya haraka. Alizungusha kwa ncha za vidole viwili, akasimama pale saa inapoanza kukataa, hakuzidisha hata kidogo. Kisha akaiweka sikioni, halafu akaiweka sikioni kwangu.

"Hii inakwenda kama mtu aendaye harusini," husema. "Sikiliza na hii. Hii ni mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Na kweli, ukisikiliza, ndivyo zilivyokuwa. Kabla yake sikupata kujua kwamba chuma kina mwendo wa mtu.

Siku hizo wazee wetu walikuwa bado wanaweka saa kwa jua. Jioni wanaume hukaa kwenye baraza ya msikiti wakishika saa zao, na jua linapozama na adhana ya magharibi kuanza, kila mmoja huvuta kifundo akarudisha akrabu, ile mishale ya saa, kwenye kumi na mbili. Siku ya Mungu inaanzia hapo. Mume wangu alikuwa na saa moja aliyoiacha kwenye saa za serikali kwa ajili ya kivuko, na zilizobaki zote zilifuata jua. Watu walizoea kumwuliza, "Umeikuta wapi leo?" naye akawaambia saa yake imepotea kiasi gani tangu jana. Mara nyingi haikuwa imepotea. Alifurahi kwa hilo kuliko mtu aliyeuza mbata kwa bei nzuri.

Mavyaa, yaani mama yake mume wangu, tulikaa naye nyumba moja. Alikuwa mwanamke wa Kidigo mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi vilevile.

"Mwanangu ana mikono miwili," aliniambia siku moja huku akikuna nazi. "Saa zote zile atazivaa wapi, miguuni?"

"Anavaa moja moja, mama."

"Basi zinazobaki zinafanya nini mle ndani? Zinahesabu nini? Mchele wangu?"

Safari moja nilifuatana na mume wangu Mombasa, akanipitisha kwenye duka la saa la mzee mmoja wa Kihindi. Nilielewa mara moja kwamba pale mume wangu ni mwenyeji. Mzee alimwona mlangoni akatoa kitambaa kabla ya salamu, akakitandaza juu ya meza.

"Bwana Mbata, leo wewe kuja kununua au kuja kusalimia tu?"

"Kusalimia."

"Haya, salimia. Wote wazima."

Akamtolea saa moja baada ya nyingine, akamwachia ashike, aweke sikioni, ageuze mgongo wake mwangani. Hapakuwa na pirika. Niliona watu wawili waliopenda kitu kimoja, na mapenzi hayo yaliwapa adabu. Lakini niliona pia kwamba kulikuwa na saa moja ya manjano, nyembamba kama peremende, yenye uso wa rangi ya malai ya maziwa, ambayo mume wangu aliiangalia kisha akayaondoa macho yake. Mzee hakuitoa na yeye hakuomba itolewe. Tulipokuwa njiani nikamwuliza.

"Ile ni dhahabu, Mwalimu. Wajua hukumu yake."

Nilijua. Dhahabu na hariri ni halali kwa wanawake wa umma huu na ni haramu kwa wanaume wake. Hilo mtoto wa chuo analijua.

"Naiangalia," akasema, "kama mtu anavyopita kwenye nyumba nzuri ya mwenziwe. Unasema mashaallah, unakwenda zako."

Baada ya mwaka hivi ndipo akaja baharia. Huyu alikuwa mtu wa Vanga, rafiki yake tangu utoto, mfanyakazi katika meli za moshi zinazokwenda Ulaya. Alirudi likizo akapita kwetu, na mkononi alikuwa amevaa saa ya manjano, nyembamba, uso wake rangi ya malai. Haikuwa ile ya dukani, lakini ungesema ni pacha wake. Mume wangu alipomshika mkono wa salamu hakuuachia.

"Ni dhahabu hii?"

"Dhahabu mimi nitaitoa wapi? Ni maji ya dhahabu tu. Niliipata bandarini kwa kubadilishana na koti. Yule jamaa alikuwa anaona baridi."

Hapa msomaji aniruhusu nieleze neno moja. Chombo kilichotiwa maji ya dhahabu, ikiwa ni rangi tu, ambayo ukikitia motoni hakitoki kitu cha kukusanywa, katika masomo yetu jambo lake ni jepesi. Dhahabu yenyewe ndiyo hakuna mjadala. Kwa hivyo mume wangu aliposikia neno maji, niliuona uso wake umefunguka kama mlango. Yule baharia aliipenda saa ya uso mweusi, akaipenda na ya mraba, akatupia jicho na nyingine moja. Wakakaa barazani mpaka alasiri wakibishana kama wanaume wanaobishana ng'ombe, na mwisho saa tatu zikatoka kwenye bweta, moja ikaingia.

"Wake watatu kwa mmoja," mavyaa akasema. "Huyo mmoja lazima anapika sana."

Ijumaa ya kwanza aliyoivaa, sijapata kumwona mtu amependeza vile. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, koti jeusi, na kila alipoinua mkono kulikuwa na mwanga mdogo uliotoka kwenye mkono wa kanzu kisha ukarudi. Haikuwa saa ya kujionyesha. Uso wake ulikuwa mtulivu, nambari ni vijistari vyembamba tu, akrabu zake kama sindano za kushonea kofia. Ukiiweka sikioni husikii mapigo, unasikia kama mtu anasoma kimoyomoyo. Watu wa msikitini walimshika mkono mmoja mmoja ili waitazame. Alirudi nyumbani akanieleza nani alisema nini, na mimi nilimsikiliza kwa furaha, maana furaha yake haikuwa na kibri. Alikuwa kama mtu aliyepewa mgeni mzuri na anataka kila mtu amkaribishe.

Akakaa nayo hivyo mpaka ulipoandama mwezi wa Rajabu, ambapo baba yangu alikuja kututembelea kutoka Kibuyuni.

Lazima nieleze vile mambo yalivyokuwa kati ya mtu na mkwewe kwetu. Mume wangu hakuweza kula mbele ya baba yangu, hakuweza kuinua sauti alipo, na baba naye hakuweza kumrudi mume wangu usoni kwa lolote. Heshima yao ilikuwa ni ya kukwepana. Neno la uzito kati yao lilipita kwangu. Hata wakiwa wamekaa chini ya paa moja, mmoja chumbani na mwingine ukumbini, na ukuta wenyewe ni wa udongo usiofika darini, neno lilikuwa halijasikika mpaka mimi nimelibeba.

Mume wangu aliingia kutoka mashambani, akainama kumbusu baba mkono. Mkono wa kanzu ukapanda. Saa ikaja mbele ya macho ya baba, karibu kabisa. Baba akaitikia salamu, akauliza habari za safari, za mvua, za mama yake. Mume wangu akajibu, akaomba ruhusa, akaingia chumbani. Ndipo baba akaniita.

"Mwanangu, saa ile ya mumeo ni maji au ni yenyewe?"

"Ni maji, baba."

"Kasema nani?"

"Kasema baharia aliyempa."

"Baharia huyo ni sonara?"

"La, baba."

"Basi mwambie ajue. Sikusema avue. Nimesema ajue."

Nikapiga hatua mbili mpaka mlangoni pa chumba, nikamkuta mume wangu amesimama pale pale nyuma ya pazia, neno lote analo.

"Baba anasema ujue," nikamwambia.

"Mwambie baba nimesikia, na Mungu amlipe kheri." Tayari alikuwa anaifungua mkanda.

Nikageuka. "Baba, anasema amesikia, na Mungu akulipe kheri."

"Mwambie asiivue kwa ajili yangu."

"Mwambie baba siivui kwa ajili yake."

Mavyaa alikuwa uani anapepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Nyinyi wasomi, mbona mnamtembeza mkaza mwanangu kama tiara ya watoto? Ukuta wenyewe panya wanasikilizana."

Baba alitabasamu, na nyuma ya pazia nilisikia mume wangu akikohoa ili asicheke. Lakini saa ilikwisha kuvuliwa. Aliiweka ndani ya bweta, akavaa ile ya chuma.

Baba alirudi kwao, na zikapita siku. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, ilikuwa sababu ya kweli, lakini lori liliweza kupita, nayo ilikuwa kweli pia. Mume wangu hakwenda kwa sonara. Nilimfahamu. Ikiwa ni maji, ataivaa umri wake wote. Ikiwa ni dhahabu, basi ametoa saa zake tatu alizozipenda kwa kitu ambacho hakitamgusa ngozi tena. Madhali hajajua, bado anaweza kutumaini. Ijumaa aliitia ufunguo pamoja na zingine, akaiweka sikioni, asiivae. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda wenyewe kwenye mfuko wa kanzu, kama mtu aliyeficha kidonda. Alikuwa ameivua kwa hiari yake kwa shaka tu, ambapo watu wengi hawavui kwa yakini, na mtu wa namna hiyo haharakishwi.

Jumatatu moja baada ya alfajiri akasema, "Mwalimu, vaa buibui. Twende tukajue."

Sonara alikuwa na kibanda chake Mombasa, mtu mzima, kipara, mwenye kutazama vitu kwa jicho moja. Akaipokea saa, akafungua mgongo wake kwa kisu chembamba, akatazama ndani, akafunga. Kisha akachukua jiwe jeusi, akaisugua saa kidogo pembeni ikaacha mstari wa manjano juu ya jiwe, akadondosha dawa juu ya mstari. Sisi watatu tukautazama ule mstari. Maji ya dhahabu hutoweka pale. Huu ulikaa vile vile, ukang'aa zaidi kwa kuloa.

"Dhahabu, bwana," sonara akasema. "Nje na ndani. Si maji hata kidogo. Hongera sana."

Mume wangu akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ambayo watu husemea innalillahi. Katika maisha yangu sijaona mtu mwingine aliyepewa hongera akaipokea kama pole.

"Unauza?" sonara akauliza.

"La."

"Utavaa?"

"La."

Sonara akatutazama kwa yale macho yote mawili sasa, akaturudishia.

Kwenye kivuko mume wangu alisimama akishika kamba ya lori. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilikuwa na maneno moyoni ambayo sikuyatoa. Kwa sababu hukumu ile ina pande mbili, na upande wa pili ni wangu. Haramu kwake, halali kwangu. Nilijua, na alijua kwamba ninajua. Lakini ningelitamka ingekuwa nimemwomba saa yake siku ile ile aliyoipoteza. Tukafika nyumbani.

Mavyaa aliposikia akasema, "Dhahabu kweli? Basi uza ununue ng'ombe. Ng'ombe ana maziwa, na wakati wa kukamwa anaujua bila akrabu."

"Si yangu kuuza bado, mama," mume wangu akajibu.

Hapo ndipo nilipomjua zaidi. Nilikuwa nadhani anasikitikia saa. Kumbe njia nzima alikuwa anamfikiria baharia, kwamba mwenziwe alitoa dhahabu akidhani anatoa rangi. Kesho yake akashuka Vanga kumtafuta, kwa kuwa likizo yake ilikuwa haijaisha, na akachukua ile saa mfukoni. Nilibaki nikiwaza kwamba huenda akarudi mikono mitupu, bila ile na bila zile tatu, kwani moja baharia alikwisha kumpa mjomba wake. Na niliona kwamba yeye mwenyewe ameliwaza hilo, na bado amekwenda.

Akarudi siku ya pili. Akanieleza yaliyopita.

"Nimemwambia, ndugu yangu, saa yako ni dhahabu, chukua. Akaniuliza, unataka saa zako? Nikamwambia, nataka usidhulumike tu. Akaniambia, mimi nilitoa koti kuukuu, nikapata saa tatu, na wewe unaniambia nimedhulumika? Nimekusamehe dunia na akhera. Tena nimeshazoea kuona nambari gizani, siirudishi hiyo."

Kisha akatoa saa mfukoni, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Sasa ni yangu," akasema, "na sasa naweza kuitoa. Lete mkono, Mwalimu."

Akanifunga mwenyewe. Mkanda ulikuwa wa kiume, mkubwa, saa ikazunguka ikaning'inia chini ya kiganja. Nikasema tu, "Mungu akupe bora kuliko hii."

Mavyaa aliiona akaweka ungo chini. "Saa ya mume kwenye mkono wa mke? Kesho utamvisha na kofia?"

Alisema kwa mzaha, lakini kulikuwa na neno la kweli ndani yake, maana kujifananisha wanawake na wanaume kumekatazwa, na mume wangu aliyekwisha kuivua saa kwa shaka hakutaka mimi niivae kwa shaka. Nikaenda kwetu kusalimia, nikambebea baba swali. Alilifikiria, akasema kilichokatazwa ni kujifananisha, na kinachoifanya saa ile ya kiume ni mkanda, basi mkanda ubadilishwe. Akaongeza, "Mwambie mkwe wangu," akasita, na nikaona anatafuta neno ambalo adabu yetu itaruhusu. "Mwambie nimefurahi kuozesha kwake."

Nililibeba neno hilo kutoka Kibuyuni mpaka Msambweni kama mtu aliyebeba yai. Mume wangu alipolisikia alitoka nje, akakaa uani muda.

Nilikuwa na bangili mbili nyembamba za mahari yangu. Nikazitoa, zikapelekwa kwa yule yule sonara, akazifuma mkufu mfupi wa mkono, akaushikiza kwenye saa ile. Nilipoivaa mara ya kwanza ilikuwa kama imezaliwa hivyo. Nilikuwa wakati huo nimeanza kuwasomesha wanawake na mabinti nyumbani baada ya alasiri, na wao hawakuwa wakijua saa isipokuwa kwa vivuli na adhana. Wakajifunza kwenye mkono wangu. Walikuwa wakiushika mkono wangu kwa zamu, wakasoma, "Saa kumi na robo," kwa sauti ile ile ya kusomea aya. Bibi mmoja wa Bongwe aliyeolewa jirani yetu alikuwa akija mapema ili aione kabla wengine hawajajaa. Aliniambia hajapata kuona wakati ukipita kwa utaratibu hivyo, na kwamba kwake huwa unakimbia.

Na magharibi nilisimama dirishani, nikasubiri adhana, nikavuta kifundo, nikaziweka akrabu kwenye kumi na mbili. Mume wangu akirudi msikitini huniuliza, "Umeikuta wapi?" na mimi ndiye niliyekuwa na jawabu.

Watu husema aliitoa saa ile. Ni kweli, aliitoa, lakini hakuiacha. Alivaa ile ya chuma mpaka alipofariki, na haikupata kukosea, na bado kila siku alikuja kwangu kutazama saa. Zamani zile mtu hakumshika mkewe mkono mbele ya mama yake. Lakini kutazama saa ni haja, na saa ile ilikuwa ndogo, nambari zake vijistari, haisomeki kwa mbali. Basi aliuinua mkono wangu, akaugeuza mwangani, akasoma polepole kama mtu asiyejua kusoma, wakati saa yake ya chuma inalia mkononi mwake.

Na sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mtu akigusana ngozi na mkewe udhu wake umetenguka. Kwa hivyo kabla ya sala aliushika mkono wangu kwa ncha ya nguo, kwa vidole viwili, kama vile alivyokuwa akitia saa ufunguo. Lakini zikawa siku nyingine anasahau, au anajisahaulisha, Mungu ndiye ajuaye. Anashika mkono wenyewe, anasoma saa, kisha anautazama mkono wangu, anasema, "Lahaula," anarudi mtungini kutawadha tena.

Mavyaa aliyavumilia hayo kwa muda. Jioni moja, adhana iko karibu na yeye anakwenda mtungini mara ya pili, akaniambia kwa sauti ambayo ilikusudiwa ifike mpaka kule.

"Mwambie mume wako maji ya mtungi nimeyateka mimi. Kama hajui ni saa ngapi, akae msikitini."

Nikasimama mlangoni, nikalibeba neno lile kwa desturi yetu. "Mama anasema kama hujui ni saa ngapi, ukae msikitini."

"Mwambie mama," akajibu, maji yakimtiririka ndevuni, "kule hakuna saa nzuri."

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akubarikie wakati wako, asiufanye mfupi kwa majuto wala mrefu kwa dhiki. Akupe wa kukaa naye ambaye ataivua anayoipenda kwa ajili ya Mola wake, na akujaalie na wewe uwe hivyo kwake. Akukusanye na uwapendao siku ambayo hakutaulizwa saa, na awarehemu wazazi wetu na wazazi wako. Amin.